Kumbukumbu za Kikao

Hoja ya saba: zahanati kuukuu nyuma ya soko
ibomolewe, pawe maegesho, magari sitini na mawili.
Naandika.

Mhandisi Shekuwe atandaza ramani.
Chumvi imekula ukuta, asema, boriti zimeoza,
na Malindi haina pa kuegesha.
Kweli. Naandika.

Diwani Mwaringa auliza: humu ndani, mwenye gari nani?
Kicheko. Kicheko hakiandikwi.

Bi Khuzaima hataji historia.
Ataja baraza. Si hili letu; lile la saruji,
upande wa kivuli, walipongoja
kina mama wa Ganda na Kakoneni
waliotoka kwao na nyota ya alfajiri,
watoto migongoni,
hadi sakafu ikalika kwa visigino.
"Gari likipewa kivuli, mtu akae wapi?"

Mwenyekiti atazama saa.
Kura: tisa kwa sita.

Kalamu yasita.
Kadi yangu ya chanjo ina muhuri wa jengo lile,
wino wa zambarau. Uzito: ratili nne kasoro.
Na pembeni, mwandiko wa nesi nisiyemjua,
neno moja:
Ataishi.

Nakata "imepitishwa".
Naandika tena "imepitishwa".
Mengineyo: hakuna.