Panya wa Kundi la Pili

Ijumaa ni siku ya mizani.
Nawashika shingoni, mmoja mmoja,
wananijaribu kidole kwa meno,
nami nasoma: mia tatu na kumi, mia tatu ishirini na mbili.
Daktari Hokororo anaandika bila kuinua kichwa.

Kundi la kwanza hula pumba na dagaa.
Kundi la pili, pumba ile ile
imekandwa kwa samli na korosho zilizovunjika
tunazookota kwa bei ya chee pale Chikongola.
Donge lanata vidoleni, lanukia sikukuu.
Siku ya kwanza hata mimi nilimeza mate.

Mama yangu, Bi Somoe, kule Nanyamba,
alipoisikia kazi yangu alicheka hadi akakaa chini.
"Unalisha panya? Panya ndiye aliyekulisha wewe!"
Ni kweli. Muhogo ukishang'olewa
tulifukua mashimo kwa jembe bovu,
samaki nchanga, tuliwaita,
na aliyenona alikuwa wa baba.
Baba hakumpata mara nyingi.

Wiki ya kumi na mbili
mizani ilituchezea: makundi mawili
yakapishana kwa uzito wa kifungo cha shati.
Nikadhani samli imekwenda bure.
Kisha mkasi ukafungua matumbo.
Wa kwanza: figo hizi hapa, kavu, kama kunde.
Wa pili: figo ziko wapi?
Mafuta yamezitandikia shuka jeupe,
mengine yamejibanza chini ya ngozi,
mengine yameukumbatia utumbo
kama mtu afichaye sahani msibani.
Tukayang'oa kwa koleo, tukayapima peke yake:
mara mbili na nusu ya yale ya mwenzake.

Namba kumi na nne nilimjua.
Mwezi wa kwanza, akisikia kandambili zangu,
alipanda waya hadi juu.
Mwezi wa tatu aligeuza jicho tu.

Nilinawa. Maji baridi hayaondoi mafuta.
Nikasugua kwa majivu, kisha kwa sabuni ya kipande,
vidole bado vikateleza kwenye kitasa.

Nilipofika Magomeni, jirani yangu Nachihangu
akanisimamisha, akanipiga kofi la tumbo:
"Umenenepa, bwana! Kazi inalipa."
Nikajibu alhamdulillahi, kama inavyopasa,
nikavuta tumbo ndani,
nikaikumbuka mizani ya Ijumaa
ilivyonyamaza.