Kura za Njugu

Stima ilirudi saa kumi na moja,
na Khaemba, mwenye kibanda cha video,
akapanda juu ya kreti ya soda: Krismasi hii
ni filamu moja tu, itakayoshinda. Pigeni kura.
Msiniletee fujo.

Karatasi hakuna. Webuye, mji wa kinu cha karatasi,
tukakosa hata kipande cha kuandikia jina!
Basi macho yote kwangu, Nangila wa njugu.
Nikatoa kilo mbili kwa mkopo ambao haujalipwa hadi leo.
Kila mtu njugu moja, na ganda lake.
Mikebe mitatu mlangoni.

Wa kwanza: mpishi wa Kichina
aliyewachapa wezi thelathini kwa mwiko
na supu isimwagike.
Wa pili: mama mkwe wa Lagos,
kazikwa Ijumaa, Jumatatu yuko sokoni
anadai deni la ndizi.
Wa tatu: dada wawili wa Kihindi, stesheni, mvua,
barua inayofika baada ya treni.

Nyinyi hamjui kelele.
Watu wa bodaboda walikuwa wa mpishi, wote, kama ukoo.
"Filamu bila ngumi ni mahubiri," akasema Sitati.
Mwalimu Nasipwondi akamjibu: ngumi bila sababu
ni mlevi kaanguka mtaroni,
utacheka, utaenda zako.
Mtu akaapa kwamba kuzikwa mara mbili
kulimpata shangazi yake wa Chwele.
Tukanyamaza kidogo, kwa heshima,
kisha tukamzomea.

Sasa, ile ya dada wawili diski yake ina mkwaruzo.
Mdogo akishaanza kukimbia kando ya behewa,
mtandio unapepea, mkono kaunyosha,
picha huganda. Mikono miwili,
shubiri moja katikati.
Hapo Makokha, mtafsiri wetu,
kipaza sauti kakifunga kwa mpira wa baiskeli,
hufumba macho akamalizia kwa mdomo wake:
Akamshika! Akamvuta ndani!
Wakashuka Bungoma, wakafungua duka la vitambaa.
Miaka sita tumeishi na duka lile.
Wengine tunajua hata bei.

Ndipo akaja kijana wa Kitale na flashi.
Filamu nzima, safi, haina doa.
Tukaitazama.
Treni iliondoka.
Ndivyo tu. Iliondoka, mdogo akabaki na bangili,
skrini ikaanza kupandisha majina ya watu tusiowajua.

Mjadala ukageuka.
Filamu ni ipi? "Ni ile aliyoitengeneza mwenyewe," akasema Mwalimu,
"mengine ni uzushi."
Makokha alikuwa anakunja waya,
anaukunja, anaukunjua.
Na Sitati, Sitati wa ngumi,
sauti imemkauka: "Huyo mwenyewe
alishawahi kukaa hapa na sisi?"

Khaemba akaongeza mkebe wa nne.
Yenye mkwaruzo.

Nilihesabu usiku kwa tochi ya simu.
Njugu mia na kumi na mbili ziligawiwa,
zikarudi arubaini na moja. Zingine walizila wakibishana,
hawakujua hata wanatafuna nini.
Mpishi kumi na tatu. Mama mkwe nane.
Ya flashi tatu.
Ya mkwaruzo kumi na saba.
Na kura ya Mwalimu niliiona: aliitia mkebe wa nne
huku akitazama upande wa barabara
kama mtu anayengojea mgeni.
Yangu? Niliimenya.

Krismasi, watu hadi dirishani.
Picha ikaganda palepale.
Makokha akafungua mdomo. Akaufunga.
Akafungua tena, hakuna kitu;
alishaiona treni ile ikienda, kama sisi.
Mashine inanguruma, mkono uko hewani, mtoto anakohoa.
Gizani Sitati akapiga ukelele:
"Dereva! Simamisha!"
Mwingine naye: "Simamisha!"
Na tukaanza kukanyaga breki, kibanda kizima,
kwa miguu yote miwili, mabati yanatetemeka,
maganda ya njugu yanalia chini ya viatu.