Vidole vya Nkwimba

Kayenze, alfajiri, ukungu ungali ziwani.
Nkwimba, miaka minane,
kachovya vidole viwili kwenye ndoo ya maziwa.
Ndama anavinyonya akidhani ni chuchu;
mamaye kafa Jumanne kwa ndigana.

"Usivute mkono," alionya shangazi,
"hata akikukwaruza."
Ulimi msasa.
Hakuvuta.

Wiki ya tatu ndama kaijua ndoo,
kaiparamia, kaimwaga,
kampiga Nkwimba kikumbo hadi kwenye mavi.
Akalia. Kisha akacheka,
kamasi na maziwa usoni.

Darasani mwalimu kauliza:
nani ajuaye kugawanya?

Akanyoosha mkono,
vidole viwili vimechubuka:
"Tukikamua lita nne, mwalimu,
tatu za ndama,
moja yetu,
na povu ni la paka."