Jiko la Siku Kumi

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, saa tatu asubuhi,
naingia dukani kwa Semkiwa na sufuria kichwani,
mwiko kwapani, kama mtu aliyefukuzwa kwake.
"Leo umehama?" ananiuliza.
Sijahama. Nanunua jiko.

Siku kumi juu ya Nilo. Watu saba wanaohesabu miti,
wanaivalisha utepe, wanaipima kiuno kama mafundi cherehani,
na mimi ndiye tumbo lao.
Kuni marufuku: hata kijiti kilichojifia
kina namba yake kwenye daftari la Dokta Tluway.
Mkaa, usiutaje.

Ananiwekea la gesi, jekundu, dogo kama kikombe cha kahawa.
Zuri. Nalijua.
Mwaka jana lilitufia siku ya nne,
mtungi wa pili uko Tanga mjini, sisi tuko mawinguni.
Tulikoroga unga kwa maji baridi, tukanywa,
hatukutazamana.
Liondoe.

Ananiwekea la pili: shaba, chuma,
chupa pembeni, pampu, mrija kama mkia wa panya.
"Hili halichagui. Mafuta ya taa, petroli,
dizeli ukikwama. Linakula chochote."
Nimewahi kuishi na wa namna hiyo, Semkiwa,
na nyumba ilijaa moshi.

Anacheka mpaka miwani inamshuka.
Anapampu mara ishirini, analipasha kichwa,
mwali unaruka wa njano, unayumba, unapiga chafya,
kisha unatulia, bluu, unavuma
kama nyuki walioudhiwa ndani ya debe.

Mkono wangu wa kushoto umekwenda nyuma wenyewe.
Dada yangu Mwanasha alijaza jiko lingali na moto.
Mimi nilikuwa karibu, nachambua mchicha.
Yeye kovu liko shingoni, mimi kiganjani,
na mama hadi leo hupikia mlangoni,
mguu mmoja nje.

"Nitalilisha mafuta ya taa tu," namwambia.
"Na yakikwisha?"
Yakikwisha, pale Maramba petroli inauzwa kando ya njia
kwenye chupa za maji, rangi ya chai nyepesi.
Nitapita nikitazama upande mwingine.
Au nitanunua. Siku ya tisa itajua yenyewe.

Lizime. Lipoe. Lifungue lote.
Anafungua; nami nafunga, skrubu kwa skrubu,
maana kitu nisichoweza kukizibua gizani kwa pini
hakipandi mlima na mimi.
Nipe pini mbili. Nipe na washa za ngozi, za mpira zitapasuka.

Bado.
Nateleka sufuria yangu. Nashika mwiko.
Hamna unga, hamna maji, ila nasonga,
nasonga ugali wa hewa wa watu saba,
nalalia mkono, nakandamiza ukingoni,
na jiko linacheza, linainua mguu mmoja
kama mbuzi aliyekanyaga mwiba.
Wateja wamesimama mlangoni.

Aliyelibuni hili, Semkiwa, hajawahi kusonga.
Amechemsha maji, amekunywa chai,
ametazama theluji, amelala.

Anakuna kidevu. "Elfu kumi napunguza,
kwa ajili ya miguu."
Kumi na tano.
"Kumi na mbili, na pini ya tatu."
Haya.

*

Usiku wa kwanza, ukungu umekaa mpaka kwenye vikombe.
Wanaume wamekaa chini ya turubai, soksi mikononi,
wananitazama nikizunguka na tochi.
"Unatafuta nini?" auliza Zahabu, mpagazi wetu.
Mawe.
Dokta anafungua mdomo. Mawe hayana namba, Dokta.
Anaufunga.

La kwanza, la pili, la tatu nimelitoa kijitoni, linanuka kuvu.
Nimeyapanga walivyopanga wote walionizaa,
na kati yake, pasipo ukuni hata mmoja,
limekaa lile la shaba, limebanwa mbavu, linavuma.

Nikasonga.
Halikuinua mguu.