Daftari la Harusi

Ukurasa wa kwanza: boti tatu za kukodi.
Mwenyewe, Mkanjima, anataka nusu mkononi
kabla hajagusa injini.
Jenereta. Hema jeupe. Viti mia na ishirini,
vya plastiki, vya kitambaa vitaingia chumvi.
Keki ivuke imepakatwa na nani?
Limbanga anasema kisiwani picha zitatoka.
Mchumba wangu huyo anapenda mchanga
kama mtu asiyefagia.

Ukurasa wa pili: majina.
Nimemfuta Mjomba, nikamrudisha,
maana hela ya korosho ikilipwa
yeye ndiye hema.

Wa tatu ulikuwa mtupu nilipompigia Bibi, Newala.
"Boti? Mimi?
Maji nimeyafuata kabla sijavunja ungo,
nateremka bondeni usiku, napanda na mtungi,
shingo hii imekuwa fupi kwa ajili yake.
Leo mnataka niyakalie juu?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Na huko kisiwani kwenu, Somoe,
kisima kipo?"

Nikarudi mstari kwa mstari:
boti, jenereta, hema, keki, mpiga picha,
maboya ya kuvaa, mia na ishirini.
Maji ya kunywa hayamo.

Nikaandika: madumu arobaini.
Nikalitazama neno hilo mpaka chai ikapoa,
kisha nikapitisha kalamu juu ya kisiwa,
taratibu, karatasi ikikwaruza.

Limbanga bado hajui.
Na ile nusu ya Mkanjima
imeshaliwa.