Gome la Mfukugi

Kaka yake kaukata mfukugi wa uani
apate pa kuegesha gari.
Okinawa nzima ingekuwa na la kusema.
Makato hakuteta. Kafika na kisu kifupi,
gunia, na chupa ya chai.

La juu, lenye kuvu, kalitupa.
La matawi machanga halijashiba.
Kalitaka la shina, ule upande
uliopigwa na tufani miaka sabini;
akalionja kwa ncha ya ulimi.
Chungu. Hilo.

Utomvu wa manjano ukamganda vidoleni
kama deni.
"Akiba haiozi," kaka akatania.
"Gome bichi huoza. Njoo tulianike."
Akaja. Hawakuwa wamesemezana
tangu matanga ya mama.

Kisha sufuria, shabu kidogo,
moto wa kuvumilia,
na kitambaa cha nyuzi za mgomba
kilichoingia kijivu.

Siku hizi jua la alasiri
linaingia bila hodi ukumbini kwa kaka,
pale kivuli kilipozoea kulala.
Ametundika pazia la manjano.
Majirani wakiuliza kalinunua wapi,
huonyesha kwa kidevu:
pale, penye gari.