Ada ya Kwanza

Vyumba viwili juu ya duka la spea, Mtaa wa Rwagasore.
Wenzangu wako Dar, ghorofa ya kumi na nne;
mwaka mzima hawajamwona mteja.

Mimi, wiki ya pili tu,
Wakili Lusangija kanitupia jalada:
"Kesho Baraza la Ardhi. Nenda."
"Peke yangu?"
"Kwani tuko wangapi?"

Nikasimama, ulimi mkavu kama dagaa wa Igombe.
Namba ya shauri ikanitoka.
Jina halikunitoka: Nyanzobe binti Lushinge,
robo eka, mihogo, mpaka wa minyaa.

Likaahirishwa.

Jioni kaja na sato wawili, kawafunga gazetini.
"Mmoja wa mzee. Huyu wako, wakili."

Nyumbani nikachelewa kumpara.
Ada yangu ya kwanza,
ina macho.